Je, wajua kwa nini pombe hulazwa kwenye dumu kabla ya kutiwa hamira?

Anayepika pombe nyumbani Tabora, iwe ya mtama au ya shayiri, lazima akutane na kikwazo hiki: sufuria imeepuliwa, maji ya kimea yanafuka, na hamira bado haiwezi kuingia. Joto likizidi nyuzi 55 hivi, hamira hufa. Kwenye nyuzi 35 itaishi, lakini itafanya kazi kwa pupa na kuiachia pombe ukali unaokwaruza koo.

Kupoza haraka kwa bomba la shaba kunataka maji mengi ya baridi, na kiangazi cha Tabora, Mei hadi Oktoba, si wakati wa kuyamwaga. Wapikaji wa nyumbani wa Australia, ambako nako ukame wanaujua, ndio walioeneza njia nyingine: usipoze kabisa. Mimina maji ya kimea yakiwa ya moto kwenye dumu la plastiki nene la lita 20, lililotengenezwa kwa ajili ya chakula, libinye hewa itoke, kaza kifuniko, kisha lilaze ubavu hadi kesho.

Haiharibiki kwa sababu joto lenyewe ndilo linalosafisha dumu. Mji wa Tabora uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemkia kwenye nyuzi 96 hivi. Yanatosha kuua vijidudu vya kuchachusha vilivyojificha kwenye mpini na kifuniko, mradi yafike huko. Ndiyo maana dumu hulazwa. Asubuhi utakuta mbavu zake zimebonyea ndani, kwa kuwa kilichomo kimesinyaa kikipoa. Lisilobonyea linapitisha hewa, na mimi nisingeliamini.

Usiku huohuo hamira haikai bure. Kabla ya kufunga dumu, chota lita moja au mbili, zipoze kwenye beseni la maji hadi nyuzi 25, tia hamira kwenye chupa safi yenye mdomo mpana na uifunike bila kukaza, maana gesi inayotoka inaweza kuipasua. Itikise kila ukipita ili hewa ya nje ichanganyike. Hamira hutumia hewa hiyo kujenga ngozi za chembe mpya. Kesho yake chini kuna utando mweupe kama maziwa mazito, juu povu, na harufu ya mkate: jeshi limeongezeka. Emil Christian Hansen alipotenga chembe moja ya hamira katika maabara ya Carlsberg, Denmark, mwaka 1883, naye ilimbidi aikuze hatua kwa hatua hivyohivyo ndipo itoshe pipa la kiwanda.

Maji ya sukari hayafai kwa kazi hii. Hamira inahitaji pia naitrojeni, na kimea kinayo. Asali, tunayojivunia sana Tabora, ina kidogo mno. Wanzuki wa asali tupu huchelewa kuchachuka kwa sababu hiyo.

Dumu likipoa, mimina kwenye ndoo kubwa kwa kishindo ili hewa ichanganyike, acha nafasi ya povu, kisha tia hamira uliyoikuza kwenye chupa. Fanya hivyo kesho yake, si baada ya wiki kadhaa: mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili kuchemshwa, na maji ya kimea ambayo hayajachachuka hayana uchachu wa kutosha kuzizuia.