Gharama ya nakala ya hukumu huanza kuhesabiwa wapi?

Wananchi wanaofika ofisini kwetu kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa kusini mwa Mkoa wa Kigoma, mara nyingi huwa wamekwisha kutumia fedha nyingi kabla mahakama haijawadai chochote. Mtu wa Kalya aliyeshindwa shauri la shamba hupanda boti hadi mjini, hutafuta pa kulala, huamkia masjala, na akiambiwa kwamba mwenendo wa shauri lake, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, bado haujachapwa, hurejea kwao kusubiri. Akija mara ya pili na ya tatu, ada yoyote itakayoandikwa kwenye stakabadhi huwa sehemu ndogo tu ya alichokwisha kulipa. Kwa sababu hiyo, sisi tunaotoa msaada wa kisheria tunamwomba kila anayezungumzia gharama ya kumbukumbu za mahakama aanze hesabu yake pale mwananchi anapofunga mlango wa nyumba yake.

Wazee wa Kasulu na Kibondo wanalijua jambo hili kuliko sisi. Kabla Mahakama Kuu haijawa na masjala yake Kigoma, mashauri ya mkoa huu yaliyohitaji kufika ngazi hiyo yalikuwa chini ya Tabora, safari ya takribani kilomita 400 kwa reli, na nakala ya hukumu ilifuatwa hukohuko. Kusogezwa kwa Mahakama Kuu kumempunguzia mwananchi gharama kuliko punguzo lolote la ada ambalo lingeweza kutangazwa.

Mahakama nayo ina gharama zake, na si haki kuzifumbia macho. Kwa miaka mingi majaji na mahakimu wameandika ushahidi kwa mkono, neno kwa neno, huku shahidi akizungumza. Ili mwenendo huo umfikie mwananchi ukiwa unasomeka, lazima mtu auchape, mwingine aulinganishe na maandishi ya awali, kisha ofisa mwenye mamlaka authibitishe kwa saini na muhuri. Karatasi na wino ni sehemu ndogo kabisa ya kazi hiyo. Kubwa ni saa za watu. Baada ya hapo jalada linahitaji chumba kikavu kisichofikiwa na mchwa, na mtu anayejua lilipo miaka 15 baadaye, pale wajukuu wa mdai watakapolihitaji kwa ajili ya mirathi. Kuhamia kwenye mifumo ya kielektroniki hakuzifuti gharama hizi, bali kunazibadilisha sura zikawa umeme, kompyuta, mitambo ya kuhifadhia data na mafundi wa kuitunza.

Swali basi si kama kuna gharama, bali nani aibebe, na fedha inayokusanywa itumike kwa jambo gani. Hapa mfano wa Marekani unafundisha mengi. Mahakama za shirikisho za nchi hiyo huweka nyaraka za mashauri kwenye mfumo wa intaneti uitwao PACER, ambao humtoza msomaji senti 10 za dola kwa kila ukurasa, na waraka mmoja kwa kawaida hauzidi dola 3. Anayetumia dola 30 au pungufu katika robo ya mwaka husamehewa, na hukumu zenyewe husomwa bure. Hata hivyo, kikomo cha dola 3 hakiugusi mwenendo wa shauri uliochapwa, ambao ndio waraka mrefu kuliko zote na ndio ambao mkata rufaa anauhitaji zaidi.

Senti 10 ni kiasi kidogo, lakini kwa mamilioni ya kurasa ilizaa fedha nyingi. Mwaka 2016 mashirika matatu yasiyo ya kibiashara yaliifikisha Serikali ya Marekani mahakamani, yakidai kwamba sheria ya mwaka 2002 iliruhusu ada hiyo itozwe kwa kiwango cha lazima tu, ilhali mapato yake yalikuwa yakigharimia mambo mengine, vikiwemo vifaa vya ndani ya vyumba vya mahakama. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sehemu ya matumizi hayo haikuruhusiwa, na shauri likaishia kwenye maridhiano ya dola milioni 125 yaliyoidhinishwa mwaka 2024. Kwa maoni yangu, funzo lake kwetu ni kwamba ada ndogo isiyohojiwa huweza kugeuka chanzo cha mapato taratibu, bila yeyote kuamua waziwazi kwamba iwe hivyo.

Sheria yetu ina msingi mzuri wa kuzuia hali hiyo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa kumjibu raia aliyeomba ndani ya siku 30, na ada anayoruhusiwa kutoza ni ile inayolingana na gharama halisi ya kuiandaa taarifa hiyo. Hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu, zikiwemo zilizotolewa Kigoma na Tabora, huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, ambako mtu yeyote huzisoma bila malipo. Hatua hiyo inastahili kusifiwa. Mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari au diwani anayetaka kujua mahakama imesema nini kuhusu mipaka ya kijiji hahitaji tena kumfahamu mtu yeyote masjala. Simu yake inatosha.

Lakini aliye kwenye rufaa asidhani kwamba karatasi iliyochapwa steshenari kutoka kwenye tovuti inachukua nafasi ya nakala iliyothibitishwa na mahakama. Tena mwenendo wa shauri hauko huko, wala sehemu kubwa ya maamuzi ya Mahakama za Mwanzo, ambako ndiko wananchi wengi wa vijijini humaliza mashauri yao.

Nakaa zaidi kwenye muda, kwa kuwa hapo ndipo watu hupoteza haki yao. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, na kanuni zake hazimtaki mkata rufaa aambatanishe nakala ya hukumu. Tumewapokea watu wengi waliokaa wakisubiri nakala hadi siku 30 zikaisha, wakati walipaswa kuwasilisha sababu zao za rufaa na kuendelea kuifuatilia nakala pembeni. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na Sheria ya Ukomo, inayoweka mipaka ya muda wa mashauri, inaruhusu siku za kusubiri nakala zisihesabiwe, ila anayedai kuondolewa siku hizo lazima aonyeshe aliomba lini na alipewa lini.

Kwa anayekwenda Mahakama ya Rufani katika shauri la madai, masharti ni makali zaidi. Maombi ya nakala ya mwenendo lazima yawe ya maandishi, yafanywe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mpinzani wake akabidhiwe nakala ya barua hiyo. Asipomkabidhi, siku alizosubiri hazitatolewa kwenye hesabu ya muda wake wa rufaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, Msajili wa mahakama anatakiwa kuziandaa nyaraka hizo ndani ya siku 90 tangu zilipoombwa, na muda huo ukipita mkata rufaa anazo siku 14 za kuzifuata. Mahakama haiwajibiki kumpigia simu.

Yapo pia majalada ambayo hayapaswi kufunguliwa kwa kila mtu hata kama gharama ingekuwa sifuri, hasa yanayowahusu watoto na waathirika wa makosa ya kujamiiana. Kuficha majina yao kabla hukumu haijawekwa hadharani ni kazi ya mikono na macho, na Serikali inapaswa kuitengea fedha, kwa kuwa kosa moja tu huweza kumfuata mtoto maisha yake yote.

Tunachopendekeza ni kwamba mwananchi aruhusiwe kuomba na kupokea nakala yake iliyothibitishwa katika mahakama iliyo karibu naye, hata kama shauri liliamuliwa kwingine, na kwamba viwango vya ada, pale vilipo, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo kila anayeingia atavisoma. Anayeombwa fedha adai namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na stakabadhi. Barua ya kuomba nakala iandikwe siku ileile hukumu inaposomwa, itaje namba ya shauri na majina ya wadaawa, yaani pande zote za shauri, na mwombaji abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Asiyeweza kuandika amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye humwandikia bila malipo, na afanye hivyo kabla hajapanda boti kurudi kwao.