Mzazi asipokandwa, damu inabaki tumboni?
Hii ya kwamba mzazi asipokandwa na maji ya moto damu chafu inaganda tumboni imezunguka miaka na miaka, ila sio kweli. Hiyo damu inatoka yenyewe, kawaida wiki 4 mpaka 6, kwanza nyekundu halafu inafifia mdogo mdogo, na kizazi kinajikaza chenyewe, ndo maana mtoto akinyonya unasikia tumbo linakata. Maji ya kuchemka yanaunguza ngozi tu, na mwenye mshono wa operesheni ndo kabisaa asiguswe. Mgongo ukiuma, taulo la uvuguvugu na panadol vinatosha hata kama unanyonyesha. Uji wa pilipili manga? Kunywa tu, mtamu ule. Ila damu ikilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au ukapata homa, hospitali haraka, bibi na beseni lake watasubiri.