Uzito Unashukia Wapi? Fundi Anaeleza Viatu vya Ajabu vya Jukwaani

Wiki iliyopita mteja aliyekuja kupima viatu vya harusi alinisogezea simu yake. "Fundi, hebu ona. Hivi vinavaliwa kweli, au ni mambo ya kompyuta?"

Ilikuwa picha ya viatu vya mbunifu wa mitindo Alexander McQueen, vile wanavyoviita Armadillo, jina la mnyama mwenye gamba gumu. Vimevimba kama gamba hilo, vina urefu wa takriban sm 30, na ukivitazama huoni mguu wa mtu umeishia wapi. Nikamwambia vinavaliwa, tena siku vilipoonyeshwa mara ya kwanza, Paris, Oktoba 2009, hakuna mwanamitindo aliyeanguka. Akacheka, hakuniamini. Basi niliyokuwa namweleza huku nimeinamia unyayo wake nayaandika hapa kwa kirefu.

Mtu akiona mchuchumio wa namna ile huuliza urefu. Fundi huuliza uzito unashukia wapi. Chukua kisigino cha sm 20. Ukikipachika kwenye soli nyembamba, mguu utasimama karibu wima kama wa mcheza baleti, na hakuna atakayefika mwisho wa ukumbi. Inyanyue na sehemu ya mbele kwa sm 10, na sasa mguu umepanda sm 10 tu, mchuchumio unaouona kila Jumamosi kwenye sherehe. Waliovaa raizoni, vile viatu vya soli nene, na suruali za bugaluu miaka ya 1970 waliijua hesabu hii bila kushika rula.

Ila soli nene nayo ina madhara yake. Haikunjiki. Ukitembea pekupeku mguu hujikunja pale vidole vinapoanzia. Ukiufunga juu ya gogo, inabidi unyanyue goti kama anayevuka matope. Tena kadiri ulivyo mbali na sakafu, ndivyo kifundo kikiyumba kidogo tu kinavyokuangusha. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwanamitindo Naomi Campbell mwaka 1993, katika onyesho la mbunifu Vivienne Westwood huko Paris: visigino vilizidi sm 20, akaporomoka, akabaki amekaa chini anacheka. Kiatu cha muundo ule kiko katika jumba la makumbusho la V&A, London. Wanaomcheka Naomi hawajawahi kujaribu. Kiatu kile kilikuwa wazi kwa juu na kikafungwa kwa utepe, na utepe hupendeza lakini hauzuii kifundo kwenda kando.

Linganisha sasa na Armadillo. Hicho si kiatu, ni buti. Kinapanda mpaka juu ya kifundo, na ndani yake kuna mti uliochongwa kwa mkono huko Italia, kisha ukavikwa ngozi. Mguu umeshikwa kila upande. Na ule uvimbe wa mbele, ambao wengi wanaudhani ni pambo, una kazi: sehemu ya juu ya vidole inausukuma, na buti zito linanyanyuka pamoja na mguu badala ya kuburutwa. Mimi nilipoielewa siri hiyo nilikaa kimya dakika nzima. Hata hivyo, baadhi ya wanamitindo walikataa kushiriki onyesho lile wakihofia urefu, na siwalaumu. Mguu ni wao, si wa McQueen.

Sehemu inayonisumbua zaidi kwenye meza yangu ya kazi ni katikati, chini ya upinde wa unyayo. Pale hakuna kinachogusa ardhi, na ndipo kiatu dhaifu hulegea na kupinda kama mkeka. Dawa yake ni kipande chembamba cha chuma kinachofichwa kati ya soli ya ndani na ya nje. Fundi viatu Mwitaliano Salvatore Ferragamo, aliyesomea maumbile ya mwili huko Los Angeles ili ajue mguu unabebaje mtu, ndiye aliyekitilia mkazo. Chuma kilipoingia mpaka ndani ya kisigino chenyewe, miaka ya 1950, visigino vikaweza kuwa vyembamba kama msumari. Mwaka 1959 mbunifu wa viatu Mfaransa Roger Vivier akakipinda kisigino kikaingia ndani, chini ya unyayo, na bado kikabeba mtu.

Halafu kuna viatu visivyo na kisigino kabisa. Mbunifu Mjapani Noritaka Tatehana, ambaye viatu vyake mwimbaji Lady Gaga alivivaa sana, alichukua wazo kutoka kwenye geta, viatu virefu vya mbao vya Kijapani, za oiran, wale malaya wa daraja la juu wa zamani nchini mwake. Kwa nyuma, mguu unaelea hewani. Aliyewahi kuziangalia roshani za Mji Mkongwe atanielewa upesi: roshani haina nguzo chini, lakini boriti zake zimezama ukutani. Kwenye kiatu hiki ukuta ni ile soli nene ya mbele, inayorudi nyuma kiasi ili uzito usiupite ukingo wake. Muundo wake naupenda, lakini kuuvaa ni kusimama kwa vidole usiku kucha, na misuli ya nyuma ya mguu itakudai kesho yake.

Kuuinua mguu kwa mbao si ugeni kwetu. Bibi zetu wa mwambao walikuwa na mitalawanda, viatu vya mbao, wakiishika kwa msuruaki, kile kijiti kinachokaa kati ya kidole gumba na cha pili. Vidole vikiachia, kiatu kinabaki nyuma.

Nami nimeshaaibika. Mbunifu mmoja aliniagiza visigino vya mninga vilivyochongwa kama pembe ya swala. Nikavichonga vizuri, nikavipaka mafuta, vikang'aa. Siku ya mazoezi, hatua ya nne, kimoja kikakatika. Nilipokiokota nikaona kosa langu: nyuzi za mti zilikuwa zimelala, wakati zilitakiwa zisimame kutoka unyayo hadi sakafuni. Nilikuwa nimeukata ubao kwa kufuata uzuri wa rangi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuweka msumeno, naufuata mti kwa ukucha kujua nyuzi zinaelekea wapi, na kisigino chembamba hakitoki kwangu bila fimbo ya chuma katikati.

Mteja wangu alisikiliza yote hayo, akaitazama tena picha, akachagua sm 9 nyuma na sm 2 mbele. Keki ikishakatwa, alisema, atavaa ndala.