Kadi Iko Mkononi, Deni Limeingia: Tunachoangalia Ukileta Malalamiko

Malalamiko ya kadi za mkopo yanayoletwa kwetu yameongezeka, na mengi yanaanza kwa maneno yale yale: "Kadi sijaipoteza, hii hapa." Mteja anaitoa kwenye pochi na kuiweka mezani. Tunamwamini. Ila kuwa na kadi mkononi hakuthibitishi chochote, maana mwizi wa mtandaoni haihitaji kadi yenyewe. Anahitaji namba ya mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi, zile tarakimu tatu za nyuma na, mara nyingi, namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako. Vitatu vya kwanza vinaweza kuibwa usijue. Hicho cha nne, katika mafaili mengi ninayoyashughulikia, amekitoa mwenye kadi kwa kinywa chake.

Mteja mmoja alinionyesha ujumbe wake. Ulitaja jina la duka la mtandaoni na kiasi cha fedha hadi senti, kisha ukasema: "Usimpe mtu yeyote namba hii." Alikuwa ameisoma namba hiyo kwa mtu aliyempigia akijitambulisha kuwa wa usalama wa benki, eti anazuia wizi. Nikamwomba ausome ujumbe wote kwa sauti. Alipofika kwenye kiasi cha fedha alinyamaza. Siku ile alikuwa ameangalia namba tu.

Namba hiyo ni saini. Ukimtajia mtu naye akaiingiza, mfumo unaandika kwamba mwenye kadi ameidhinisha. Haipo namba ya "kuzuia" wala ya "kurudisha" muamala, na hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji kusomewa. Anayekupigia anaweza kulijua jina lako na tarakimu nne za mwisho za kadi, na hata namba inayojitokeza kwenye simu yako huweza kughushiwa ionekane ya benki. Kata simu, kisha upige wewe mwenyewe namba iliyochapwa nyuma ya kadi.

Kwenye mashine za ATM hatari ni nyingine. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala, lakini utepe wa sumaku, ule mstari mweusi nyuma ya kadi, hutoa taarifa zile zile kila unaposomwa. Ndiyo maana wezi hubandika kifaa cha kunakili kwenye mdomo wa mashine na kamera ndogo juu ya vitufe. Funika vitufe kwa mkono hata ukiwa peke yako. Na lile dai linalosambazwa, kwamba ukikabwa kwenye ATM uingize namba ya siri kinyumenyume ili polisi waje, nimelikanusha mara nyingi na ninalikanusha tena. Namba 2552 ukiigeuza ni ile ile, sasa mashine ingejuaje? Aliyekabwa na mwizi asisubiri msaada ambao hauji.

Ukiona muamala usioutambua, hata mdogo, maana wezi huanza na kiasi kidogo kuona kama kadi iko hai, funga kadi kwanza ndipo uulize. Kufunga kwa muda kunafaa kwa kadi uliyoisahau mahali. Iliyoibiwa, au iliyovuja taarifa zake, iombee kufutwa na upewe yenye namba mpya. Piga simu benki, chukua namba ya kumbukumbu, andika saa. Saa hiyo ndiyo tunayoitafuta mapema kwenye faili, kwa kuwa hasara ya kabla ya taarifa na ya baada ya taarifa hazishughulikiwi sawa. Nani abebe kiasi gani hutegemea sheria ya nchi na mkataba wako, kwa hiyo nisingependa kuahidi zaidi ya hapo.

Muamala ambao bado unasubiri kukamilika kwa kawaida haupokelewi kwenye fomu ya pingamizi, yaani ile ya kuukana muamala, lakini hilo halikuzuii kufunga kadi. Fomu inataka tarehe, kiasi, jina la mfanyabiashara kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti, na tamko lenye saini. Jina hilo huenda lisifanane na la duka unalolijua, basi hakikisha kwanza. Dai hupelekwa benki ya mfanyabiashara, naye hupewa nafasi ya kuleta ushahidi, ndiyo maana jibu haliji kesho yake. Kanuni za Visa na Mastercard hutoa siku 120 za kuwasilisha madai mengi, ila benki yako inaweza kukutaka mapema zaidi. Wakati huo endelea kulipa sehemu ya deni usiyoipinga, kwani riba haisubiri uchunguzi.

Kukana muamala ulioufanya mwenyewe ni udanganyifu. Benki inaweza kulirudisha deni kwenye akaunti yako, kufunga kadi na kulifikisha suala polisi. Kumpa mwenzi wako au mwanao namba ya siri nako kunavunja masharti ya kadi. Najua watu hufanya hivyo kwa upendo, na inaniuma kila ninapolazimika kumweleza mzazi kwamba dai lake limekataliwa kwa sababu hiyo.

Kadi mpya ikifika, usidhani malipo ya kila mwezi yamekatika. Baadhi ya wafanyabiashara hupelekewa namba mpya moja kwa moja kupitia mtandao wa kadi. Usiyemtaka, sitisha usajili kwake mwenyewe na utunze ujumbe wa uthibitisho, kwa sababu ukija kulalamika tutauomba.