Goti la Bandia: Hofu za Bure na Matumaini Yaliyozidi

Daktari wa mifupa akishakwambia goti lako limelika na sasa ni la kubadilishwa, ushauri hukufikia kabla hujafika stejini. Jirani ana shangazi aliyefanyiwa akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Kundi la WhatsApp la ukoo lina video ya mafuta yanayootesha upya gegedu, kile kifuniko laini cha ncha za mifupa. Mwenzako wa kanisani anasema kuna mtu alirudi kutoka India akicheza. Hofu nyingi za namna hii hazina msingi, na mara nyingi huisha mgonjwa akieleweshwa vizuri. Mimi huhofia matumaini zaidi. Aliyetarajia muujiza hulalamika hata pale upasuaji ulipofaulu.

“Wanakata goti lote, wanatia chuma.”

Sivyo. Daktari huchonga ncha za mfupa wa paja na muundi, kwa kawaida chini ya sentimita moja au karibu na hapo, kisha huzivika chuma na kuweka plastiki ngumu katikati, mahali pa gegedu lililokwisha. Ni kama fundi viatu anayechonga soli iliyolika na kubandika nyingine: kiatu ni kilekile. Misuli yako na kano za pembeni hubaki, na ndizo zitakazokubeba. Chuma chenyewe huwa mchanganyiko wa kobalti na kromu, au titani. Na ndiyo, mashine ya walinzi pale uwanja wa ndege wa JKIA au mlangoni kwenye maduka makubwa inaweza kulia. Waeleze, wakupekue, upite.

“Ukilazwa usingizi hutaamka, na ukiamka hutatembea.”

Wagonjwa wengi hawapewi hata nusukaputi. Hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, wakafa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini, na kazi huchukua saa moja hadi mbili. Siku hiyohiyo au kesho yake unasimamishwa na fremu ya kutembelea. Kulala kitandani wiki nzima ni mambo ya zamani, tena ni hatari, kwa sababu damu huganda kwenye mishipa ya miguu isiyosogezwa.

Hatari za kweli ni hiyo damu kuganda, pamoja na maambukizi ndani ya goti, ambayo huwapata takriban mmoja au wawili kati ya wagonjwa 100. Ni wachache, lakini anayeyapata huweza kurudishwa chumba cha upasuaji. Hapa mgonjwa ana kazi yake kabla ya kulazwa: sukari idhibitiwe, sigara iachwe wiki kadhaa mapema, jino bovu litibiwe, na kidonda cha mguuni au fangasi wa vidoleni asifichwe. Jambo linalosahaulika sana ni sindano za steroidi za kwenye goti. Mtu huzunguka kliniki moja hadi nyingine akidungwa ili apate nafuu, kisha hamwambii daktari wa upasuaji. Sindano ikiwa ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, huongeza hatari ya maambukizi. Mitishamba pia itaje, hata kama unaona haya. Baadhi yake huzuia damu kuganda vizuri. Hakuna daktari wa maana atakayekucheka.

“Nisubiri hadi nishindwe kabisa, maana goti hilo halidumu miaka kumi.”

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti kama 82 kati ya 100 bado yako kazini miaka 25 baada ya kuwekwa. Shosho wa miaka 70 ana uwezekano mkubwa wa kumaliza maisha yake na goti hilohilo. Kusubiri mno nako kuna gharama: msuli wa paja hunywea, na goti hukauka likawa halinyooki. Goti lililokuwa gumu kabla ya upasuaji huelekea kubaki na ugumu kiasi baadaye.

Lakini kukimbilia pia si busara. Ambaye eksirei yake inaonyesha kulika kidogo tu mara nyingi ndiye hatosheki na matokeo. Mazoezi, kupunguza uzito na dawa za maumivu vipewe nafasi yao kwanza. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua, na hiyo ni hesabu ambayo hakuna mafuta ya WhatsApp yatakayoishinda.

“Nikitoka hospitali, maumivu yamekwisha.”

Hili ndilo linalowaumiza watu kuliko kisu. Maumivu ya zamani, yale ya mfupa kusugua mfupa, huondoka. Badala yake huja maumivu ya kidonda, na wiki za mwanzo ni nzito. Usingizi wa usiku huvurugika. Goti hubaki na joto na uvimbe kwa miezi kadhaa, na upande wa nje wa kovu ngozi inaweza kufa ganzi moja kwa moja. Mgonjwa asiyeambiwa haya mapema hudhani upasuaji umeharibika, akaanza kutafuta daktari mwingine. Nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima.

Hata baada ya huo mwaka, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano husema hakuridhika kikamilifu. Wengine walikuwa na maumivu yaliyotoka mgongoni au kwenye nyonga, na goti likasingiziwa. Wengine walitaka goti la kijana wa miaka 25. Muulize daktari wako waziwazi: katika yale yanayonishinda leo, yapi yatarudi na yapi hayatarudi?

“Litakunja kama la ujanani.”

Goti la bandia kwa kawaida hukunja hadi nyuzi 110 au 120. Hizo zinatosha kutembea, kupanda ngazi na kuinuka kitini. Kuchuchumaa kabisa huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo, kama kwenu mashambani kuna choo cha shimo pekee, panga kuweka kiti cha choo kabla ya upasuaji, usingoje Desemba ufike ukwame. Kupiga magoti hakuvunji kifaa, lakini wengi hupaona panawauma au pana hisia ngeni. Mwislamu wa Eastleigh anaweza kusali kwenye kiti, na dini inamruhusu asiyeweza. Kupalilia kwa kuinama kunawezekana. Kukimbilia matatu inayoondoka, mimi ningeacha.

“Daktari ndiye fundi, mimi ni kulala tu.”

Nusu ya matokeo iko kwenye mazoezi, na mazoezi huuma. Lengo la kwanza ni kulinyoosha goti kabisa, ndipo kulikunja. Adui mkubwa ni mto. Jamaa mwenye huruma huuweka chini ya goti ili mgonjwa astarehe, goti likazoea kupinda, na kulinyoosha baadaye ni kilio. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kisigino. Anza mazoezi ya msuli wa paja hata kabla ya upasuaji. Hayahitaji kifaa chochote.

“India ni bei nafuu, na huku kuna SHA.”

Zote mbili zinahitaji hesabu ya pili. Kusafiri kwa ndege saa nyingi muda mfupi baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda, na kidonda kikileta shida ukiwa umesharudi Nairobi, aliyekupasua yuko ng'ambo ya bahari. Upande wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usitegemee habari za foleni. Omba idhini ya maandishi mapema, uone inalipa kiasi gani. Kisha uulize hospitali kama bei uliyotajiwa inajumuisha kifaa chenyewe, siku za kulazwa na fiziotherapia. Kamati za harambee huchangisha pesa za upasuaji zikasahau fiziotherapia, ambayo huenda kwa wiki nyingi. Anayetoka Githurai kwenda kliniki ya mjini atahitaji teksi mwanzoni, kwa sababu ngazi ya matatu bado haipandiki, na hiyo nayo iingizwe kwenye bajeti.