Je, wajua jiwe la Bismarck pale Mwanza lilifikaje juu?

Ukisimama karibu na gati la kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, unaliona majini mbele yako: rundo la mawe makubwa, na juu yake jiwe moja limesimama kama limepachikwa kwa mkono. Mnandi hutua pale kukausha mabawa. Wageni hupiga picha, kisha huuliza swali ambalo kila mtu wa Mwanza amewahi kuulizwa: nani alilipandisha?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, nalo nililitoa bila wasiwasi. Nilisema ni ziwa. Mawimbi yalilisukuma jiwe, yakalichonga, kisha maji yakapungua na kuliacha pale lilipo. Jiwe limezungukwa na maji pande zote, kwa hiyo niliona hakuna haja ya kutafuta maelezo mengine.

Jibu hilo si sahihi, na kosa lake kubwa ni la umri. Ziwa Victoria ni changa. Bonde lake lilianza kushika maji kama miaka 400,000 iliyopita, ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuigeuza mito kama Kagera na Katonga, ambayo awali ilielekea huko magharibi. Tena ziwa halikudumu na maji wakati wote. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita lilikauka, ndipo likajaa upya. Mwamba wenyewe wa Mwanza una zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Kosa la pili lilikuwa mbele ya macho yangu. Mawe yaliyopandana yako pia juu vilimani, Bugando na Mabatini, mahali ambapo wimbi halifiki. Ukivuka mpaka, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, utakuta Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyobebana nchi kavu kabisa. Zimbabwe imeyaweka mawe matatu ya namna hiyo kwenye noti zake, na nchi hiyo haina bahari wala ziwa kubwa karibu na mawe hayo. Kama ziwa ndilo fundi, huko kote nani alifanya kazi?

Wengine husema ni volkano iliyolirusha, lakini mwamba huu haukutoka kwenye mlipuko, kama tutakavyoona. Ulaya na Amerika Kaskazini yako mawe yaliyobebwa na barafu nene na kuachwa juu ya mengine. Kwetu barafu ilikaa kwenye vilele kama Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, haikufika Mwanza. Na wapo wanaowataja Wajerumani kwa sababu ya jina. Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1890, na hakuwahi kukanyaga Afrika. Jiwe lilipewa jina lake wakati wa utawala wa Wajerumani, nalo likaganda kama jina la jukwaani linavyomganda msanii. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, lakini ni wangapi wanaomjua kwa jina hilo, na si kwa jina la Freddie Mercury?

Sasa tuje kwenye jibu lenyewe. Linaanzia kilomita kadhaa chini ya ardhi. Mwamba wa Mwanza ni graniti, ambayo vitabu vyetu huiita pia itale: ujiuji wa moto uliopoa polepole mno, ukiwa umefunikwa, hata chembe zake zikapata nafasi ya kukua. Chukua kokoto iliyovunjwa leo uigeuze juani. Chembe nyeupe au za waridi ni feldspa, zile zinazong'aa kama kioo ni kwatzi, na vidoa vyeusi vinavyometameta ni ulanga. Mwamba uliorushwa na volkano hupoa haraka, hauwi na chembe kubwa namna hiyo.

Baada ya muda mrefu sana, ardhi iliyoufunika ililiwa na mvua na mito, na uzito ukapungua. Godoro ulilolikalia huinuka ukiondoka. Mwamba nao hutanuka ukitolewa mzigo, ila kwa kuwa haunepi, hupasuka. Nyufa zikapita za wima na za kulala, zikaugawa vipande vya pembe nne kama mche wa sabuni uliokatwa dukani. Kila kipande kilibaki palepale, kimegusana na mwenzake.

Ndipo maji yakaingia nyufani. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo hubeba kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo huigeuza feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi haigeuki, lakini kilichoishikilia kimelainika, basi inaachia na kuwa changarawe.

Hapa iangalie sabuni ya mche. Kipande kikikatwa asubuhi, pembe zake hukwaruza kiganja. Kifulie siku mbili, kitakuwa cha mviringo, na hakuna aliyekichonga. Ubapa huliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, pembe kutoka pande tatu. Kwa hiyo pembe ndizo zinazotangulia kuisha. Graniti huoza hivyohivyo, ikiwa bado ardhini, hata kila kipande kikabaki na kiini kigumu cha mviringo kilichofungwa ndani ya changarawe laini.

Kilichobaki ni kuosha. Mvua na mito huondoa changarawe, viini vinabaki. Jiwe la juu halikupanda. Lilikuwa juu tangu mwanzo, na vilivyolizunguka ndivyo vilivyoshuka. Ziwa lilifika mwishoni kabisa, likasaidia kusafisha miguu ya rundo.

Nilikuja kukubali niliposimama mbele ya kilima kilichokatwa na greda. Ndani ya ukuta wa udongo mawe ya mviringo yalikuwa yamekaliana, hayajawahi kuona jua. Mshipa mweupe wa kwatzi ulitoka kwenye jiwe la chini, ukapita kwenye changarawe niliyoweza kuikwangua kwa ukucha, ukaingia jiwe la juu bila kukatika. Jiwe lililobingirika haliwezi kufika na mshipa wake umenyooka hivyo.

Kazi hii ni ya polepole. Vipimo kwenye vilima vya graniti vya Namibia na Australia vinaonyesha mwamba ulio wazi ukipungua mita chache tu kwa miaka milioni moja. Huko ni kukavu, hivyo tusiihamishie Mwanza namba hiyo kama ilivyo, maana mvua na udongo wenye unyevu huharakisha kuoza.

Na kwa nini halianguki? Kwa sababu limekaa juu ya ubapa wa ufa wa zamani, si juu ya ncha, na uzito wake unaangukia ndani ya ubapa huo. Yaliyokosa kitako kizuri yalishaanguka. Mengine yamelala majini kulizunguka, na mvuvi wa Mwanza huzungusha mtumbwi wake kuyakwepa.

Wachimbaji wa misingi ya nyumba huko vilimani hukutana na viini hivyo kila mara. Sururu inazama kwenye changarawe laini, kisha inagonga kitu na kurudi. Wanachimba pembeni, wanakuta kitu hicho ni cha mviringo, na chini yake kuna kingine.