Usinisomee namba, nioneshe paa

Huku kwetu Tabora namba ya kichwa cha treni inakumalizia kazi. Tarakimu mbili za kwanza ni daraja, mbili za mwisho ni zamu yake katika kundi. Ukiona 73, huyo ametoka Varanasi, India, na ndani ana silinda sita zilizosimama mstari mmoja. Ukiona 88, huyo ni wa Montreal, Kanada, silinda kumi na mbili zilizokaa kwa umbo la V. Wote ni ukoo mmoja wa ALCO, kampuni ya Marekani, injini ya 251, na wote dereva akiwaongezea moto ghafla wanatema moshi mweusi kama tanuri la matofali, maana mafuta yanafika kabla tabo, kile kipulizia hewa kinachozungushwa na moshi wa injini, haijashika kasi ya kusukuma hewa ya kutosha. Hata muuza karanga wa stesheni atakutajia. Ubaya wake ni kwamba namba ikishasema yote, jicho halijifunzi kitu.

Langu lilijifunzia juu ya mwembe. Kulikuwa na tawi lililotokeza upande wa reli, na ukikaa pale namba huioni, rangi huioni vizuri. Unaona paa tu. Feni, bomba la moshi, masizi. Nilikuja kuelewa baadaye sana, nimeshakuwa fundi wa dizeli, kwamba nilikuwa naangalia sehemu ambayo mtambo hauwezi kudanganya. Rangi hupakwa upya, namba hubadilishwa, lakini joto lazima litafute pa kutokea.

Sasa nina mpwa anayecheza gemu la treni kwenye simu, limejaa vichwa vya EMD, kampuni ya Marekani. Kila usiku picha. "Shikamoo mjomba. Hii ni GP38-2 au GP40-2?" Marahaba, naye anataka jibu kabla sijamaliza ugali.

Hao wawili ndio wanaochanganya watu kuliko wote. Urefu ni mmoja, futi 59 na inchi 2. Kebini ileile, boneti ileile, bogi (fremu za magurudumu) za ekseli mbilimbili, na ndani injini ileile ya 645 yenye silinda 16. Ukisimama chini pembeni utabishana mpaka treni iondoke. Panda juu: nyuma kabisa, kwenye rejeta, GP38-2 ina feni mbili, GP40-2 ina tatu.

Kwa nini? GP38-2 haina tabo. Hewa inasukumwa na blowa inayozungushwa kwa gia, na injini inatoa nguvu za farasi 2,000. GP40-2 ina tabo, na silinda zilezile 16 zinatoa 3,000. Nguvu zaidi ni mafuta zaidi, mafuta zaidi ni joto zaidi, na maji ya rejeta hayapoi kwa kuombewa. Ndiyo ikaja feni ya tatu. Angalia na bomba la moshi: penye blowa utakuta mawili madogo, penye tabo ni moja, nene.

Ila chunga feni iliyo peke yake katikati ya paa, juu ya injini. Hiyo si ya rejeta. Ni ya breki ya umeme, ile inayogeuza mota za magurudumu kuwa jenereta, na kazi yake ni kupoza nyaya nene ambamo umeme huo unachomwa kuwa joto. Ukiihesabu na zile za nyuma, umeshapotea.

Mimi mwenyewe nilishapoteza soda kwa haraka ya kuhesabu. Niliona feni mbili nikatamka GP38-2 bila kutazama bomba. Kumbe bomba lilikuwa moja, nene. Ilikuwa GP39-2: ina tabo, lakini silinda 12 tu, nguvu 2,300, kwa hiyo feni mbili zinaitosha. Tangu siku hiyo sihesabu feni bila kutazama bomba.

Kwa zile za ekseli sita, SD40 na SD40-2 paa halikusaidii sana. Zote zina feni tatu. Hapo tazama miisho. SD40-2, iliyoanza mwaka 1972, iliwekewa fremu ndefu zaidi, kama futi tatu hivi, lakini boneti haikurefushwa kiasi hicho. Nafasi iliyobaki mbele na nyuma ni baraza hasa. Unaweza kutandika mkeka mkacheza bao. SD45 nayo haihitaji hata baraza. Silinda 20, nguvu 3,600, joto likazidi ukubwa wa paa, basi wakazilaza rejeta zikachomoza nje pande zote mbili kama kola ya shati iliyosimamishwa.

Juzi mpwa akaleta picha, akijua kabisa ananitega. Kichwa kirefu, paa la nyuma halina feni hata moja. Nikacheka. Hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya mahandaki ya milima ya magharibi ya Marekani, kampuni ya reli ya Southern Pacific wakiwa wateja wakubwa. Ndani ya handaki moshi na hewa ya moto hujaa juu, kwa hiyo mdomo wa kuvutia hewa uliteremshwa chini, usawa wa njia ya kutembelea, na feni zikafichwa chini ya rejeta. Paa halisemi kitu. Lakini fundi lazima azifikie feni hizo, kwa hiyo pembeni, kati ya mdomo wa hewa na rejeta, kuna vimilango. Viwili ni SD40T-2, vitatu ni SD45T-2.

Nikamwandikia akuze picha ahesabu. Akakaa kimya kidogo, kisha: "Vitatu, mjomba. Lakini kimoja kimefunikwa na masizi."